Mbio za mtaani sikukuu ya Krismasi huku Mbeya: jinsi ya kuandaa hatua kwa hatua bila kuaibika

Kila mwaka ikifika tarehe ishirini na kitu Disemba mtaa wetu unajaa. Watu wanashuka na mabasi kutoka Dar, Dodoma na Moro, watoto wa mjini wanatetemeka na masweta, wajomba wanaulizana nani kanenepa zaidi. Hapo ndo wazo linapozaliwa, mtu mmoja kwenye grupu la WhatsApp anaandika "jamani tufanye mbio mwaka huu", watu mia wanaweka dole gumba, halafu wote wanapotea na kazi inabaki kwa mtu mmoja. Kama huyo mtu mmoja ni wewe basi huu mwongozo ni wako.

Mi nimeandaa mbio za kilomita 5 na 10 upande wa Uyole, mwaka wa kwanza nilivurunda karibu kila kitu. Nilichojifunza ni kwamba watu wengi wanaanza na tisheti na medali, njia na saa wanaviacha mwishoni, wakati mkimbiaji akifika nyumbani anachokumbuka ni je kilomita zilikuwa kamili, je muda wake ni wa kweli, na je alipofika alikuta mtu anamsubiri. Pesa yako kidogo iweke huko.

Siku na saa

Anza Septemba, usicheke. Disemba huku kila fundi wa kuprinti ana foleni ya kalenda na kadi za harusi, na vifurushi vya kwenye basi kutoka Dar vinachelewa kwa sababu mabasi yamejaa watu.

Tarehe 25 iache, ni ya kanisani. Tarehe 1 Januari watu wametoka mkesha, hawana macho. Sisi tumeangukia tarehe 26, ni mapumziko kitaifa, magari mitaani yamepungua na wageni bado hawajaanza kurudi. Ubaya wake ni mmoja tu, mtu anakuja na pilau la jana bado linaongea tumboni. Angalia kalenda pia, kwa mfano 2026 tarehe 26 inaangukia Jumamosi, na kama mtaani kwenu kuna Wasabato wengi utakuwa umewafungia mlango, bora kusogeza hadi Jumatatu. Jumapili sahau kabisa, Moravian, KKKT na RC zote zina ibada asubuhi na utakuta nusu ya kwaya ndo wakimbiaji wako.

Saa ya kuanza ni saa 1:00 asubuhi. Watu wa Dar watakwambia saa 12:00 kwa sababu ndo wamezoea kule, ila kule jua linawahi. Huku kwetu tuko magharibi zaidi, mwisho wa Disemba jua linachomoza kama saa 12:30, kwahiyo ukianzisha saa 12 utakuwa unakimbiza watu gizani kwenye mashimo. Usichelewe pia mpaka saa 3, kwa sababu Disemba ni masika yetu, asubuhi mara nyingi ni ukungu na manyunyu ila mvua yenyewe ya radi inapenda kuja mchana kuendelea. Ukianza saa 1:00 hata yule wa mwisho kabisa wa kilomita 10 kabla ya saa 3:30 anakunywa uji.

Njia, hapa kaa sana

Sheria ya kwanza, usiguse barabara kuu ya Tunduma. Najua ni lami nzuri na picha zinatoka safi, ila malori ya kwenda Zambia na Congo hayana Krismasi, na ile barabara iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, huwezi kuifunga kwa barua ya mtendaji. Hata kuivuka tu usivuke. Tafuta barabara za ndani ambazo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, lami ikikosekana hata ya changarawe inafaa, ilimradi bajaji na boda zinaweza kukaa pembeni kwa saa mbili na nusu bila mtaa kufa.

Sheria ya pili, tengeneza mzunguko wa kilomita 5, wa kilomita 10 wakauzunguke mara mbili. Mwaka wa kwanza nilichora njia moja ndefu ya kilomita 10 isiyopita sehemu moja mara mbili, nikahitaji watu kwenye njiapanda ishirini na moja, nilikuwa nao kumi na wawili, kwahiyo kuna kundi la vijana sita waliishia kwenye shamba la mahindi la mzee mmoja na wakarudi wanalalamika kwangu kana kwamba mahindi nimepanda mimi. Mzunguko unapunguza njiapanda nusu, meza ya maji moja inatumika mara mbili, na bibi aliyekaa na kigoda mlangoni anamwona mjukuu wake anapita mara mbili.

Tambarare Mbeya usitafute, haipo. Unachoweza kufanya ni kuchagua mlima ukae wapi. Weka kilima kikubwa kwenye kilomita ya pili au ya tatu, watu wakiwa bado na akili, na mita 500 za mwisho ziwe na mteremko mdogo au usawa. Mteremko mkali mwishoni ni hatari, mvua ikinyesha usiku, ule udongo wetu unateleza kama sabuni. Tembea njia nzima asubuhi moja baada ya mvua kubwa, usiende siku ya jua. Ndo utaona mtaro gani umekula barabara na wapi maji yanatuama.

Kupima

Hapa ndo niliaibika vizuri. Nilipima na kilometa ya bodaboda, ikasoma 10, nikatangaza 10. Siku ya siku jamaa watatu wenye saa za GPS wakafika wananionyesha mkono, 9.3. Mmoja akaniambia kwa upole, "kaka, mimi nimetoka Kimara kuja kukimbia kilomita tisa?" Sina la kusema hadi leo.

Fanya hivi. Chukua baiskeli yenye kile kimita kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, jaza upepo vizuri, chora alama ya chaki kwenye tairi na chini. Tandaza tepu ya chuma ya mafundi, ile ya mita 50, panda juu ya baiskeli (lazima ukae juu, kwa sababu uzito wako unabonyeza tairi na kipimo kinabadilika), endesha taratibu mpaka gurudumu lizunguke mara 10 kamili, soma mita. Kwangu ilitoka mita 20 na sentimita 80, ukigawa kwa 10 gurudumu langu ni mita 2.08. Hiyo namba ndo unaiingiza kwenye kimita. Rudia mara tatu, na siku hiyohiyo nenda ukapime njia, usiongeze wala kupunguza upepo katikati.

Unapopima fuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaruhusiwa kupita, yani kwenye kona kata ndani kama atakavyokata yeye, kama sentimita 30 kutoka ukingoni. Ukipima katikati ya barabara wakimbiaji watapita ndani na njia yako itakuwa fupi. Halafu ongeza mita 1 kwa kila kilomita kama akiba, ndivyo hata wapimaji wa mbio kubwa duniani wanavyofanya, kwahiyo mzunguko wa 5 unauweka mita 5,005. Pima mara mbili. Namba zikitofautiana, chukua ile inayofanya njia iwe ndefu zaidi. Mtu hatalalamika njia ikizidi mita nne, ila ikipungua atakukumbusha mpaka msibani.

Piga rangi alama za kila kilomita kwenye jiwe au nguzo, chaki itaoshwa na mvua usiku wa tarehe 25.

Barua na ruhusa

Usiogope hii sehemu, ila usiiruke. Anza chini. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa nyumbani kwake jioni, sio ofisini, kaa chini, salimia vizuri. Mimi nilienda hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, umekuja na mbio zako tena?"
"Ndio mzee, ila mwaka huu mahindi ya mtu hayaguswi."
"Kama ni hivyo leta barua nigonge muhuri, na jina la mjukuu wangu liandike kwenye za watoto."

Kutoka hapo barua inapanda kwa mtendaji wa kata, afisa michezo wa halmashauri, chama cha riadha cha mkoa, TARURA kwa ajili ya kuzuia barabara kwa muda, na polisi, kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na upande wa trafiki. Barua moja ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ramani ya njia, idadi ya watu unaotegemea, nani anasimamia huduma ya kwanza. Ambatanisha ramani hata ya kuchora kwa mkono, barua yenye ramani inasomwa. Na kila unapopeleka hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Mwaka mmoja ofisi fulani iliniambia barua yangu haijawahi kufika, nilivyotoa nakala yenye muhuri wao wenyewe mazungumzo yakawa mafupi sana. Anza Oktoba, wiki ya pili ya Disemba maofisa wengi wako likizo.

Kijiwe cha bodaboda hawahitaji barua ila wahitaji heshima. Kaa nao, waambie barabara itasimama saa ngapi, wape kazi. Boda mmoja anatangulia mbele ya mkimbiaji wa kwanza na bendera, mwingine anakaa nyuma kabisa ya wa mwisho, huyo wa nyuma awe mtu mzima mwenye subira na asipige honi. Lipia mafuta siku moja kabla.

Usajili, namba, tisheti

Kusajili tumia fomu ya Google au daftari tu kwa mama mwenye duka, pesa kwa lipa namba, na kila anayelipa aandike jina, umri, anakimbia ngapi, namba ya ndugu wa kupigiwa kama kuna tatizo. Uliza pia kama ana pumu, presha au kisukari. Watoto mzazi asaini. Funga usajili tarehe 23, ukiacha wazi mpaka asubuhi ya mbio utapata watu themanini wamesimama na elfu kumi kumi hamna chenji.

Namba za kifuani usiprinti kwenye karatasi, kwa mvua zetu inakuwa uji kabla ya kilomita ya tatu. Nenda kwa wanaoprinti mabango, omba waprinti kwenye yale matambara ya bango, ukate vipande vya saizi ya nusu ya A4. Hata masalia yao yaliyokwishatumika unageuza nyuma unaandika na maka pen ya kudumu, yanakaa poa tu. Pini nne kwa kila mtu, nunua boksi mapema.

Tisheti, maoni yangu, kama hamna mdhamini acha. Kama lazima, lipisha bei mbili, mwenye kutaka tisheti alipe zaidi na oda ifungwe mwisho wa Novemba. Saizi usikisie, watu wetu wakisema M wanamaanisha M ya miaka mitano iliyopita.

Zawadi hela ndogo haina raha. Mshindi mpe gunia la viazi mviringo au mchele wa Kyela kilo ishirini na tano, picha yake akiwa amebeba gunia begani itatembea kwenye magrupu kuliko bahasha yoyote. Wanawake na wanaume zawadi sawasawa, hilo halina mjadala. Na tenga zawadi ya aliyezidi miaka 55, hapo ndo ushindani wa kweli, hao wazee wana madeni ya tangu shule ya msingi.

Maji, uji na afya

Hesabu ya maji ni rahisi. Meza moja katikati ya mzunguko, kikombe kimoja ni kama robo lita ukihesabu na kumwagika. Watu 100 wa kilomita 10 wanapita mara mbili, hiyo lita 50, watu 50 wa kilomita 5 mara moja, lita 12 na nusu, ongeza akiba uwe na madumu manne ya lita 20. Mwishoni nusu lita kila mtu, hiyo lita 75 nyingine. Mimina vikombe nusu tu na usambaze meza ndefu, watoto wa sekondari wasimame wakinyoosha mkono. Weka viroba viwili vya takataka mita hamsini mbele ya meza, sio pembeni yake, kwa sababu mtu anakunywa huku anatembea.

Mwishoni uji wa ulezi wa moto kwenye chupa za chai, ndizi za Tukuyu, na parachichi lenye chumvi pembeni kwa anayetaka. Mtu akisimama na jasho kwenye ule upepo anapoa haraka kuliko anavyodhani, waambie waje na sweta kavu na uwe na chumba cha kuacha mabegi chenye mtu anayejua kuandika.

Sasa wageni wa Dar. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani, kwahiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu karibu kwa moja ya tano. Mtu anayekimbia 10 kwa dakika 50 Coco Beach akianza kwa mwendo huohuo huku, kilomita ya tatu anashika kiuno anaangalia mlima Loleza kama vile umemtukana. Tangaza hili kwenye grupu wiki mbili kabla na ulirudie na spika mstarini: kilomita mbili za kwanza nenda taratibu mpaka uweze kuongea sentensi nzima, kunywa maji kuanzia jana, na kama umefika usiku wa jana kimbia 5 sio 10. Na pombe ya Krismasi iwe imekwisha mchana wa tarehe 25. Najua hawatasikia, ila sema.

Huduma ya kwanza omba Msalaba Mwekundu au muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, mlipe posho. Gari moja liwe tayari mwishoni, limegeuzwa uso kwenye barabara, funguo ziko kwa dereva na dereva hajaenda kunywa chai. Kila msimamizi wa njiapanda awe na namba moja tu ya kupiga, yako wewe usiiweke, wewe utakuwa unapigiwa na mshereheshaji anauliza jenereta liko wapi.

Radi. Ukisikia ngurumo kabla ya kuanza, watu waingie madarasani (sisi tunaanzia na kumalizia shuleni), msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikianza watu wakiwa njiani, wasimamizi wawasimamishe kwenye nyumba za karibu, sio chini ya mti. Mpango huu uongee nao kabla, ukisubiri siku yenyewe kila mtu atakuwa na akili zake.

Saa na mstari wa mwisho

Hauhitaji zile chipu za kielektroniki. Unahitaji watu watano wasiopenda stori. Tengeneza kichochoro cha kamba baada ya mstari, upana wa mtu mmoja, urefu kama mita kumi na tano, ili wanaofika wabaki kwenye foleni kwa mpangilio waliofika. Mtu wa kwanza ana simu yenye stopwatch, kila kifua kikivuka anabonyeza lap (inaandika muda bila kusimamisha saa), hajali ni nani. Wa pili anasoma namba za kifuani kwa sauti, wa tatu anaandika namba hizo kwa mpangilio, hajali muda. Wa nne anazuia watu wasirukane kwenye kichochoro. Wa tano ana simu nyingine kwenye stendi inarekodi video ya mstari mwanzo hadi mwisho, imechomekwa pawabenki. Baadae unaunganisha, muda wa 1 na namba ya 1, muda wa 2 na namba ya 2. Kila baada ya watu 20 yule wa saa na yule wa daftari waambiane wamefikia wangapi, wakitofautiana waandike hapohapo ili mjue kosa liko ndani ya ishirini zipi.

Video usiidharau. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alivyochukua dhahabu ya marathon ya dunia Tokyo 2025, yeye na Mjerumani wote waliandikiwa 2:09:48, picha ndo iliamua kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sasa kama kule walihitaji picha, wewe na wale vijana wawili wa kidato cha nne watakaogongana kifua kwenye gunia la mchele utasemaje?

Na usikunje kamba mpaka boda wa nyuma aingie. Mwaka wa pili nilitangaza washindi saa 2:15, watu wote wakahamia kwenye spika, halafu mama mmoja wa miaka sitini na kitu akafika anatembea kwa kasi yake, mstari mtupu, uji umekwisha. Aliniangalia akacheka tu, akasema "ndaga fijo mwanangu", yani asante sana kwa Kinyakyusa, nikatamani ardhi inimeze. Tangu hapo zawadi hazitolewi kabla ya wa mwisho, na sufuria moja ya uji ina mfuniko uliofungwa kwa kamba.

Mbio za watoto weka baada ya watu wazima kufika, ndani ya uwanja wa shule, mita 400 mpaka kilomita moja kutegemea umri, kila mtoto anapata peremende na daftari. Usiwachanganye barabarani na wakubwa.

Baada ya hapo

Matokeo yaweke kwenye grupu jioni hiyohiyo, jina, namba, muda, hata kama ni picha ya daftari, na andika kwamba mwenye pingamizi aseme mpaka saa 2 usiku wa kesho yake. Mahesabu ya pesa pia yaweke, kilichoingia na kilichotoka, hata ile elfu tatu ya kamba. Vijana watembee njia nzima na viroba kuokota vikombe kabla ya saa 5, mwenyekiti atapita kuangalia, tena atapita kwa miguu. Rudisha funguo za shule kwa mlinzi na ndizi zilizobaki, na kile kimita cha baiskeli kitoe betri, mwaka wangu wa tatu nilikikuta kimevuja.